Muulize Fundi: Rejeta ya pikapu inavuja, naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina pikapu ya dizeli, giaboksi yake ni ya mkono. Hii ni wiki ya tatu kila asubuhi nakuta doa la maji chini ya bampa la mbele, na kila baada ya siku mbili naongeza karibu lita moja. Jirani yangu aliinama, akatazama, akasema rejeta imekwisha. Nimeshanunua nyingine, iko kwenye boksi lake. Spana ninazo, bisibisi ninayo, koleo ninalo, na Jumamosi yote ni yangu. Naomba uniambie ukweli: hii ni kazi ya kufanya nyumbani au nitaliharibu gari?
*Mwenye pikapu ya kazi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kazi ya nyumbani. Kutoa rejeta ya pikapu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa pikapu nyingi zina nafasi mbele ya injini ambayo gari dogo halina. Bolti ni chache na mkono unaingia. Nimebadilisha nyingi kwa zaidi ya miaka 30, na wanaoharibu injini hawaziharibu kwenye bolti. Magari niliyoletewa yakiwa yamepinda silinda hedi mara tu baada ya kubadilishiwa rejeta yalikuwa na hadithi moja: mwenyewe alifungua vizuri, akafunga vizuri, akajaza maji, akaondoka. Hewa ilibaki ndani. Kwa hiyo usinishangae nikikaa sana kwenye mambo yasiyohusu spana.

Kwanza rudi kwenye lile doa. Jirani yako ametazama chini, lakini maji hayadondokei pale yanapotokea. Yanafuata chuma, yanasukumwa na upepo wa feni, yanaangukia upande mwingine kabisa. Injini ikiwa baridi, osha uso wa rejeta na mipira yake, acha vikauke, kisha washa gari lipate moto na utazame kwa tochi. Mikono, mikono ya shati na kamba za koti vikae mbali na feni.

Rejeta nyingi za siku hizi ni alumini katikati na matangi ya plastiki pembeni, ama juu na chini, ama kushoto na kulia. Plastiki imebanwa kwenye alumini kwa meno madogo yaliyokunjwa, na katikati yake kuna mpira mwembamba. Zinaanza kufa hapo. Plastiki iliyochoshwa na joto huacha weusi wake ikawa ya kahawia, kisha hutoka ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi karibu na shingo ya mpira wa juu ambako maji ya moto huingilia. Tafuta mstari mkavu wa chumvichumvi unaoshuka kutoka kwenye meno yale, wenye rangi ya kulanti uliyotia, yaani yale maji ya dawa ya kupozea injini. Ukipitisha ukucha, unabanduka vipande vipande kama magamba. Ukiuona huo, umeshampata mwizi.

Usipouona, usifungue boksi bado. Klipu ya mpira wa juu huenda imelegea, na hiyo ni kazi ya bisibisi na dakika mbili. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shafti yake, na kikianza kulia maji ujue sili ya ndani imekwisha. Zulia la upande wa abiria likiwa na unyevu wenye harufu tamu, kinachovuja ni rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Na kama maji yanapungua bila tone lolote kuonekana nje, halafu ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa na moto, au oili imekuwa nyeupe yenye povu, hapo fikiria gasketi ya silinda hedi. Wewe unaona doa, kwa hiyo nina matumaini na rejeta yako, ila lihakikishe kwa macho yako mwenyewe. Nimeona watu wakinunua rejeta nzima kwa sababu ya klipu.

Tuseme umeuona mstari. Boksi lifungue Ijumaa. Shingo mbili za rejeta mpya ziwe upande uleule wa zile zilizo kwenye gari na zipime unene uleule. Tazama matundu ya kushikia kava la feni, vijiti vya chini, na koki ya kumwagia maji ilipo. Pima kwa futi upana, urefu na unene. Pikapu za jina moja na mwaka mmoja huweza kuja na injini tofauti, na kila injini na rejeta yake. Ni uchungu kugundua Jumamosi alasiri, gari likiwa limefunguka, kwamba shingo ya chini iko kulia nawe unaihitaji kushoto.

Siku hiyohiyo nunua mipira yote miwili kama ya zamani imevimba, imekuwa laini kupita kiasi au ina nyufa ukiikunja. Nunua klipu mpya, thamostati (vali inayofungulia maji njia injini ikipata moto) na gasketi yake, na mfuniko mpya. Watu hudharau mfuniko. Ule ni vali, na una namba juu yake: 0.9 au 1.1 kwa kipimo cha baa, au 13 au 16 kwa psi. Shinikizo hilo ndilo linalozuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Chini ya baa 1 ya ziada, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 120 hivi, na yenye kulanti hupanda zaidi ya hapo. Springi ya mfuniko wa zamani ikilegea, rejeta mpya itachemsha ingawa haina kosa. Weka namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usiweke kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu, maana unachoongeza ni mzigo kwenye plastiki ileile iliyopasuka mara ya kwanza.

Sasa naomba unisikilize kwa makini. Usiku wa Ijumaa gari lilale, usilitumie asubuhi. Kwenye mkono wangu wa kulia, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, ngozi ni ya rangi nyingine. Nilikuwa mwanafunzi wa gereji, lori lilikuwa limezimwa kama nusu saa, nikaukamata mfuniko kwa kitambaa kinene kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Maji yaliyozidi nyuzi 100 hutulia kwa sababu tu yamefungiwa. Ukiyafungulia, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha yaliyobaki juu. Kitambaa hakikunisaidia kitu. Shati liliponata kwenye mkono ndipo nilipojua nimeungua kiasi gani. Kwa hiyo usiku kucha, mwanangu. Ukishika rejeta kwa kiganja asubuhi iwe baridi kama chuma kingine chochote.

Jumamosi, weka gari mahali tambarare, vuta handibreki, weka vigingi kwenye matairi ya nyuma. Chomoa waya wa hasi wa betri, hasa kama gari lina feni ya umeme, kwani hizo huweza kuwaka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kama kuna bati la kinga chini, litoe. Weka beseni pana, fungua mfuniko wa juu ili hewa iingie, kisha koki ya chini. Koki nyingi ni za plastiki na zimekauka kwa miaka, hivyo zungusha kwa vidole au kwa koleo kwa upole sana. Ikikataa usishindane nayo, chomoa mpira wa chini na maji yatoke hapo, ingawa yatakulowesha.

Kilichotoka kipime kwa chupa ya lita na uandike. Si maji yote yatatoka, kwani mengine hubaki kwenye bloku ya injini, lakini namba hiyo utaihitaji jioni. Na beseni lile lifunike mara moja. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Mtoto au mbwa hataisukuma pembeni, atainywa. Usiimwage chini wala kwenye mtaro. Itie kwenye galoni lenye kizibo, liandike lina nini, na ulipeleke wanakopokea oili chafu na kemikali.

Mipira ikishikamana na shingo, usiivute. Zungusha kwanza kushoto na kulia mpaka ujisikie unateleza, ndipo uvute. Ukikataa kabisa na una mpya, uchane kwa kisu kwa urefu, lakini kwa upande wa injini kisu kisikwaruze shingo ya alumini, kwa sababu mkwaruzo huo utakuvujia kesho. Kava la feni lifungue na kulisukuma nyuma likalale juu ya feni. Katika pikapu nyingi nafasi hiyo inatosha na huna haja ya kuitoa feni.

Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi kama gari lako linacho. Mabomba yake usiyaguse, yana gesi yenye shinikizo kubwa. Kama kondensa imefungwa kwa bolti kwenye rejeta, fungua bolti hizo tu na uifunge kwa kamba kwenye fremu ya mbele isije ikaning'inia kwa mabomba yake. Kisha chukua lile boksi la rejeta mpya, likate vipande viwili vya kadibodi, kimoja kipite kati ya kondensa na rejeta, kingine kati ya rejeta na feni. Vile vibati vyembamba vinakunjwa hata na kidole, na rejeta mpya inayoteremshwa huku mikono inatetemeka itagusa kitu.

Fungua vishikizo vya juu na uinue rejeta wima. Isipotoka, kuna kitu bado kinaishika, kwa kawaida ni kijimpira cha chupa ya akiba au bolti moja iliyojificha pembeni chini. Kitafute, usichukue mtaimbo.

Ikishatoka, kabla hujaiweka kando, tazama vijiti vyake vya chini. Kwenye fremu kuna bushi mbili za mpira ambamo vijiti vile hukaa. Zikizeeka hushikamana na kijiti na kutoka pamoja na rejeta. Kuna gari nililolifanya haraka jioni moja, bushi moja ikaondoka hivyohivyo na rejeta ya zamani hadi kwenye lundo la vyuma chakavu, nami nikaiteremsha mpya bila kupapasa. Upande mmoja ulikaa kwenye mpira, upande wa pili ulikaa kwenye chuma kitupu. Gari halikuchemsha, mwenyewe akafurahi. Baada ya miezi michache alirudi nalo linavuja kwenye kona ileile ya chini, na plastiki imeliwa na mtikisiko mpaka imebaki nyembamba kama karatasi. Nilinunua nyingine kwa fedha yangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mpaka leo nazihesabu kwa kuzigusa, mbili za chini na za juu kama zipo, na rejeta ya zamani haiondoki mbele yangu mpaka mpya imekaa.

Zisimamishe rejeta mbili bega kwa bega, ulinganishe mara ya mwisho, hamisha chochote ambacho mpya haikuja nacho, kisha uiteremshe. Itikise kwa mikono: inatakiwa icheze kidogo kwenye mpira, isigonge. Bolti ni ndogo, zikaze kwa kifundo cha mkono na si kwa bega. Mpira uusukume upite ule ukingo ulioinuka kwenye shingo, na klipu ikae nyuma ya ukingo, si juu yake. Koki ya chini kaza kwa vidole tu. Kava la feni lirudi na bolti zake zote. Usiache hata moja, nitaeleza sababu kwenye barua nyingine hapa chini. Zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima uhakikishe haigusi kitu, kisha rudisha waya wa betri.

Sasa maji. Changanya kulanti na maji yaliyotakaswa, nusu kwa nusu, au nunua iliyochanganywa tayari. Maji ya bomba au ya kisima yana chokaa na chumvi zinazoganda ndani ya mirija na kuila alumini. Inua pua ya gari kidogo ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kabisa, ukiweza. Weka hita kwenye joto la juu ili njia yake ifunguke. Mimina taratibu, ukisimama kila mara kuminyaminya mpira wa juu, utasikia hewa ikitoka kwa mlio wa kugugumia. Injini yako ikiwa na skrubu ya kutolea hewa, kitabu cha gari kitakuonyesha ilipo. Ifungue mpaka yatoke maji matupu bila povu.

Washa gari mfuniko ukiwa wazi, liache likiunguruma polepole. Magari ambayo mfuniko wake uko kwenye tangi la pembeni na si kwenye rejeta, jaza hapo. Mwanzoni maji yatatulia, mapovu yatapanda moja moja. Usiondoke. Weka jicho kwenye geji. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 92, na ikifunguka utaona maji yanashuka ghafla mdomoni. Huo si uvujaji, injini imeyameza. Ongeza. Mapovu yatakuja kwa wingi, kisha yatapungua. Mpira wa juu utakuwa wa moto, na baada yake wa chini utaanza kupata joto. Nenda ndani ya gari uweke mkono kwenye matundu ya hita. Hewa ikiwa ya moto na inabaki ya moto, maji yamefika kila mahali. Ikitoka baridi wakati geji inaonyesha joto, bado kuna hewa iliyojificha. Zima, acha lipoe, anza tena. Mapovu yakikoma, funga mfuniko.

Linganisha ulichomimina na ile namba uliyoandika asubuhi. Ulimwaga lita 7 na zimeingia 5? Lita 2 za hewa ziko ndani, usiende popote.

Likipoa kabisa, fungua tena mfuniko na uongeze. Endesha safari fupi ya karibu, rudi, acha lilale, na Jumapili asubuhi tazama tena maji na sakafu. Wiki ya kwanza tembea na maji garini na utazame chupa ya akiba kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kwa mtu wa mara ya kwanza kazi yote huchukua saa 4 au 5 bila kuhesabu kupoa, na saa nzima kati ya hizo ni ya kumimina na kutazama mapovu. Hiyo saa moja usiikate hata kama umechoka na umelowa, nakuomba.

SWALI: Fundi, hujambo. Pikapu yangu ni otomatiki na rejeta imepasuka tangi la chini. Nimeona mabomba mawili membamba ya chuma yanaingia kwenye rejeta, moja linatoa oili nyekundu kidogo. Nikiyafungua nitamwaga oili yote ya giaboksi? Na oili inafanya nini kwenye rejeta ya maji?
*Dada wa otomatiki*

JIBU: Sijambo dada yangu. Ndani ya lile tangi kuna kipozeo kidogo ambamo oili ya giaboksi hupita ikizungukwa na maji, bila kuchanganyika nayo. Ukifungua mabomba kitamwagika kidogo tu kilichomo kwenye bomba na kipozeo, si giaboksi nzima. Weka chombo, na ukishafungua ziba ncha zote kwa vizibo safi, kwa sababu chembe moja ya mchanga ndani ya giaboksi ni hasara kubwa kuliko rejeta.

Tumia spana mbili. Moja ishike nati ya upande wa rejeta isizunguke, nyingine ifungue nati ya bomba. Ukitumia moja, utalisokota bomba au kulipasua tangi jipya. Wakati wa kufunga, anza kwa vidole, mizunguko miwili mitatu bila spana. Isipoingia kwa vidole, imekaa upande. Mwisho pima oili ya giaboksi kwa utaratibu wa kitabu cha gari lako, kwani magari mengi hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ina moto.

Ila kabla ya yote hayo fanya jambo moja: injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta utazame maji, kisha vuta kijiti cha oili ya giaboksi. Kama maji yana utelezi wa mafuta, au oili imegeuka ya waridi yenye povu zito, basi kipozeo kimepasuka ndani na vimiminika viwili vimechanganyika. Hapo usiwashe gari tena, hata kulisogeza. Glaikoli huibandua gundi ya diski za giaboksi. Kubadilisha rejeta peke yake hakutoshi, giaboksi inatakiwa isafishwe na mtu mwenye vifaa, na ikisafishwa mapema inaweza kuokoka.

SWALI: Fundi, wauzaji wanasema kuna unga na dawa ya chupa ya kuziba rejeta bila kufungua chochote. Nitie?
*Msomaji mwenye haraka*

JIBU: Kama umekwama mbali na tundu ni dogo kwenye mirija ya alumini, tia ufike nyumbani. Kisha ubadilishe rejeta na usafishe mfumo mzima kwa maji mpaka yatoke safi. Dawa haijui tundu lipi ni baya. Inaziba linalovuja, halafu inaziba mirija midogo ya hita na nusu ya mirija ya rejeta yenyewe. Plastiki iliyopasuka kwenye meno haizibwi nayo, kwani ufa hutanuka na kujibana kila injini inapopata moto na kupoa. Rejeta za zamani za shaba ni habari nyingine: hizo hulehemiwa na fundi wa rejeta zikarudi kazini miaka mingi.

SWALI: Nilikuwa na kulanti ya kijani, dukani nimepata nyekundu tu. Naweza kuongeza juu yake?
*Mpenda rangi*

JIBU: Rangi ni ya mtengenezaji, haikuambii kilichomo. Kuna kijani mbili zisizopatana zenyewe kwa zenyewe, na kuna nyekundu na kijani zinazopatana. Soma kitabu cha gari, utakuta aina ya kulanti inayotakiwa, na usome maandishi ya galoni. Zisizopatana zikikutana, viungo vya kuzuia kutu hupoteza nguvu, na mara nyingine huganda kama ute unaoziba mirija. Ukipungukiwa njiani, ongeza maji yaliyotakaswa kidogo mpaka upate aina yako. Ukitaka kuhama aina, mwaga yote, suuza mpaka maji yatoke meupe, ndipo ujaze upya.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mwezi uliopita nilibadilisha rejeta ya pikapu mwenyewe. Haivuji hata tone, hewa nilitoa kama inavyotakiwa, hita inatoa moto. Barabara kuu nikienda kasi geji imetulia. Nikiingia kwenye foleni au nikipanda mlima polepole na mzigo, inapanda mpaka naogopa. Nimeuziwa rejeta mbovu?
*Mpanda mlima*

JIBU: Marahaba. Barua yako imenipa nusu ya jibu, na nakushukuru kwa kueleza vizuri. Ukienda kasi, upepo wa barabara ndio unaopoza rejeta. Ukienda polepole kazi hiyo ni ya feni. Gari linalochemsha kwenye kasi tu huwa na tatizo la maji kutozunguka vizuri au mirija iliyoziba. Lako linachemsha kwenye mwendo mdogo, kwa hiyo usiikosee rejeta mpya, tazama feni.

Swali la kwanza: kava la feni ulilirudisha? Wengi huliacha sakafuni kwa sababu lilisumbua kuingia, au hulifunga kwa bolti mbili kati ya nne likabaki limeinama. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni iliyo rahisi kuifikia, na pembe za rejeta hazipati kitu. Kava likae limebana rejeta pande zote.

Kama feni yako inazungushwa na mkanda, katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, isukume kwa mkono. Itakiwavyo, inakuwa nzito na husimama karibu mara moja. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko mingi peke yake, au ukiona unyevu wa mafuta unaotoka katikati ukiwa na vumbi juu yake, klachi imekwisha.

Kama ni ya umeme, nadhani jibu liko hapa, kwa kuwa ulichomoa soketi yake ulipotoa rejeta. Washa gari, acha lipate moto mpaka feni iwake. Simama mbele ya gari, chukua karatasi moja nyepesi, uisogeze kwenye grili. Ikivutwa na kunata, feni inafanya kazi inavyotakiwa. Ikisukumwa kurudi usoni kwako, nyaya zimegeuzwa na feni inapuliza mbele, inapigana na upepo unaoingia. Zima gari, lipoe, chomoa waya wa hasi wa betri, kisha zibadilishane nyaya mbili za mota ya feni na urudie jaribio la karatasi.